Aleji ya Pua, Pikipiki na Usingizi wa Dawa: Hotuba kwa Madereva wa Bodaboda wa Arusha

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vijiwe, ndugu madereva, na dada zetu mnaoendesha na mnaobebwa, habari za asubuhi.

Mmetoka Kisongo, Ngaramtoni, Sakina, Njiro, Tengeru na Usa River, na saa hizi ndizo abiria wanapokuwa wengi. Tunalijua hilo, kwa hiyo hatutazunguka. Dereva wa pikipiki mwenye aleji ya pua ana hatari mbili barabarani. Ya kwanza ni aleji yenyewe: chafya za mfululizo, macho yanayowasha na kulengalenga machozi, pua iliyoziba. Ya pili ni kidonge anachomeza ili aleji itulie. Hii ya pili ndiyo inayotutia hofu zaidi, maana kidonge chenyewe kinauzwa kila duka la dawa, bei yake ni ndogo, pua inakauka kweli, na aliyekimeza hajui kimemfanya nini kichwani.

Tunazungumzia Piriton na ndugu zake. Piriton ni jina la biashara. Dawa iliyomo ni klorofeniramini, na kwenye pakiti nyingi utasoma Chlorpheniramine. Chavua, yaani ule unga wa maua, ikiingia kwenye pua ya mtu mwenye mzio, seli za pua humwaga kemikali iitwayo histamini. Hiyo histamini ndiyo inayowasha, ndiyo inayotiririsha maji, ndiyo inayoita chafya. Dawa za antihistamini huiziba njia isifanye kazi. Tatizo ni kwamba ubongo nao unatumia histamini, kwa kazi nyingine kabisa: kutuweka macho, kutufanya tuone haraka na kuamua haraka. Antihistamini za zamani hupenya kutoka kwenye damu hadi kwenye ubongo, na zikifika huko zinazima kile kile kinachokuwezesha kumwona mtoto anayevuka ghafla pale Kilombero.

Wapo wanaosema, "Mimi naimeza usiku, asubuhi imeshaisha." Haijaisha. Kwa mtu mzima klorofeniramini huchukua takribani saa 20, na kwa wengine zaidi, ili ipungue nusu tu. Ukiimeza saa tatu usiku, saa kumi na mbili asubuhi unapopiga kiki sehemu yake kubwa bado imo kwenye damu. Ukirudia usiku wa pili na wa tatu, ya leo inaikuta ya jana. Kwa mtu anayelala na kuamkia kazi ya mezani hilo linaweza kuvumilika. Kwa mtu wa magurudumu mawili, msimamo wetu ni kwamba dawa hiyo isiwemo kabisa katika msimu ambao anaendesha, mchana wala usiku.

Na hapa tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu ndilo jambo kuu lililotuleta. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwenye mtambo unaoigiza uendeshaji wa gari. Watu 40 wenye aleji ya pua waliendesha wakiwa katika hali nne kwa nyakati tofauti: wakiwa wamemeza difenihidramini, ambayo ni antihistamini ya zamani, wakiwa wamemeza feksofenadini, ambayo ni ya kizazi kipya, wakiwa wamekunywa pombe ya kuwafikisha kwenye ulevi, na wakiwa wamemeza kidonge kisicho na dawa. Waliomeza feksofenadini waliendesha sawa na waliomeza kidonge kitupu. Waliomeza difenihidramini waliendesha vibaya kuliko walipokuwa na pombe. La kutisha zaidi ni hili: jinsi mtu alivyosema anajisikia usingizi haikusaidia kutabiri jinsi alivyoendesha. Alijiona yuko sawa huku hayuko sawa. Kwa hiyo dereva anayesema "mimi Piriton hainilazi" anatuambia anavyojisikia. Hatuambii breki yake imechelewa kwa kiasi gani.

Wala jibu si kuvumilia bila dawa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, waliwapima wagonjwa wa aleji ya pua wakiendesha gari kwenye barabara halisi. Dalili zilipoachwa bila tiba, uendeshaji ulidhoofika, na walipoongezewa kazi ya kukumbuka maneno huku wakiendesha, udhaifu ulifanana na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Anayekesha akihema kwa mdomo kwa sababu pua imeziba huamka hajalala, na anaingia barabarani hivyo hivyo. Aleji itibiwe. Itibiwe kwa dawa inayofanya kazi puani na kuuacha ubongo.

Kwanza hakikisha ni aleji. Aleji huwasha: pua, kaakaa, masikio kwa ndani, macho. Kamasi ni jepesi kama maji, chafya huja tatu, nne, tano kwa mkupuo, na hakuna homa. Mafua ya kawaida huja na mwili kuuma, koo kuuma, pengine homa, na kamasi huwa zito baada ya siku chache. Kwa kawaida hayavuki siku kumi. Ukiona "mafua" ya wiki sita yanayorudi kila mwaka majira yale yale, hayo si mafua.

Hewa ya Arusha ina mambo yake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huotesha nyasi, na nyasi zikichanua hutoa chavua nyepesi inayobebwa na upepo. Kwa hiyo Aprili, Mei na Juni ndiyo miezi ya wengi, na baada ya vuli hujirudia kwa kiasi. Mahindi nayo ni jamii ya nyasi. Chavua yake ni nzito, haiendi mbali, lakini ukipita katikati ya mashamba ya Ngaramtoni yakiwa yamechanua unaivuta moja kwa moja. Jakaranda, ambayo wengi huilaumu kwa sababu maua yake yanaonekana, kwa sehemu kubwa haina kosa: chavua yake hubebwa na wadudu. Unachokiona kwa macho mara nyingi si kinachokuumiza.

Mkosaji mkubwa asiyetajwa ni gugu karoti, lile jani lenye maua madogo meupe na majani kama ya karoti, limejaa kandokando ya barabara na kwenye viwanja vitupu, na vijiwe vyetu vingi vimezungukwa nalo. Chavua yake huleta mafua ya aleji na huweza kuamsha pumu; kuligusa huleta muwasho mkali wa ngozi. Ling'oeni kijiweni kabla halijatoa maua, ardhi ikiwa na unyevu, kwa glavu, mikono mirefu na barakoa, na kazi hiyo aifanye asiye na aleji. Msilifyeke likiwa na maua. Mtakuwa mnalipuliza hewani.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba ni vumbi. Vumbi la barabara lenyewe hukera pua hata ya mtu asiye na mzio, na moshi wa dizeli huifanya pua yenye mzio iwe nyepesi zaidi kulipuka. Mwenye dalili mwaka mzima, hasa anapoamka, na achunguze chumbani: wadudu wadogo wa vumbi la nyumbani hukaa kwenye godoro, mto na blanketi, na sifongo ya ndani ya helmeti isiyofuliwa haina tofauti na mto.

Nyasi humwaga chavua umande ukishakauka, kuanzia saa mbili au tatu asubuhi, na siku kavu yenye upepo ndiyo mbaya zaidi. Mvua ya kutwa huisafisha hewa. Lakini ule upepo wa mwanzo kabla ya radi si salama kwa mwenye mzio wa nyasi: chavua ikilowa hupasuka vipande vidogo vinavyoingia hadi kwenye mapafu. Novemba 2016 mjini Melbourne, Australia, radi ya namna hiyo ilipeleka maelfu hospitali usiku mmoja wakiwa wamebanwa na pumu, na watu kumi walifariki. Ukiona wingu limekuja na upepo wa vumbi, jibanze ndani mpaka upepo wa kwanza upite.

Sasa tiba. Kwa mwenye dalili za kila siku, silaha ya kwanza si kidonge. Ni dawa ya steroidi ya kupuliza puani: flutikasoni, mometasoni, budesonidi au beklometasoni. Hutuliza uvimbe pale pale puani, kiasi kinachoingia mwilini ni kidogo sana, na haileti usingizi. Dozi ya kawaida ya mtu mzima kwa flutikasoni au mometasoni yenye maikrogramu 50 kwa kila mpulizo ni mipulizo miwili kila tundu, mara moja kwa siku. Beklometasoni ya nguvu hiyo hiyo ni mipulizo miwili kila tundu, mara mbili kwa siku. Chupa ya mipulizo 120, kwa minne kwa siku, inakufikisha siku 30, na dalili zikitulia wengi hushuka hadi mpulizo mmoja kila tundu, chupa ikaenda miezi miwili. Ukiweka hesabu hiyo kando ya gharama ya siku usizofanya kazi, si ghali kama inavyoonekana siku ya kuinunua.

Watu wengi huiacha dawa hii wakisema haifai, na karibu kila mara sababu ni mojawapo ya mbili. Ya kwanza ni haraka. Haifanyi kazi kama swichi: unafuu huanza baada ya siku moja au chache, na nguvu yake kamili huja baada ya wiki moja hadi mbili za kutumia kila siku bila kuruka. Anayeipuliza leo kwa sababu ameamka vibaya, kesho akaiacha, hajaitumia. Mwenye kuugua kila masika aanze wiki mbili kabla ya kipindi chake anachokijua.

Ya pili ni namna ya kuipuliza, na hapa tutakaa kidogo. Tikisa chupa. Ikiwa mpya, au imekaa zaidi ya wiki bila kutumika, bonyeza hewani mara sita hadi kumi mpaka utoke ukungu laini. Ukitoka mchirizi wa maji, bado. Penga kamasi taratibu. Inama kidogo kama unayetazama vidole vyako vya miguu. Usiinue kichwa nyuma, maana dawa yote itateremka kooni. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na mkono wa kushoto kwa tundu la kulia. Huo mpishano wa mikono una sababu: unailenga ncha upande wa nje, kuelekea kwenye kona ya jicho, badala ya kwenye ukuta wa katikati ya pua. Ukuta huo una mishipa mingi ya damu iliyo juu juu, na anayeupiga kila siku huanza kutoka damu puani. Bonyeza huku ukivuta hewa kidogo tu, kama anayenusa chai. Ukiisikia dawa kooni, umevuta kwa nguvu mno. Futa ncha kwa kitambaa safi, funika, na usimpe mwenzako hata kama ni wa kijiwe kimoja.

Kuna chupa nyingine inayofanana na hiyo, na lazima mjue kuzitofautisha. Ukiingia dukani ukasema tu "naomba dawa ya kupuliza puani", mara nyingi utapewa oksimetazolini au zailometazolini. Kwenye boksi husomeka Oxymetazoline au Xylometazoline. Hiyo hufungua pua ndani ya dakika chache na mtu huipenda sana. Ukiizidisha siku tano, pua huanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe, unaongeza, inaziba zaidi, na mwisho hulali bila chupa. Haitibu aleji. Itumike kwa dharura ya siku chache, au isitumike.

Kidonge ni nyongeza, kwa anayewashwa na kupiga chafya hata akiwa na dawa ya kupuliza, au kwa mwenye dalili za siku mojamoja. Hapa chaguo la dereva tunalipanga hivi. La kwanza ni feksofenadini, kwenye pakiti Fexofenadine, miligramu 120, kidonge kimoja kwa siku. Ipo pia ya 180, nayo ni kimoja kwa siku. Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, kimepima kwa picha za ubongo kiasi ambacho dawa hizi hushika vipokezi vya histamini humo, yaani milango inayoipokea: antihistamini za zamani hukutwa zimeshika karibu nusu au zaidi, feksofenadini karibu sifuri. Ina masharti yake. Meza kwa maji, si kwa juisi. Juisi ya machungwa, ya tufaha na ya balungi huizuia isifyonzwe vizuri, na mtu akasema dawa ni feki. Kama unatumia dawa ya kiungulia yenye magnesiamu na aluminiamu, zipishe kwa saa mbili.

La pili ni loratadini, Loratadine, miligramu 10 mara moja kwa siku. Inapatikana kwa wingi na bei yake ni nafuu. Kwa dozi hiyo wengi hawapati usingizi. Ukijiongezea ukameza viwili au vitatu, faida hiyo inaanza kupotea. La mwisho ni setirizini, Cetirizine, miligramu 10. Hii ni nzuri kwa muwasho na ndiyo utakayopewa haraka zaidi dukani ukiomba "isiyoleta usingizi", lakini huchosha sehemu ya watu wanaoitumia. Kwa dereva tunaiweka nyuma ya zile mbili, na anayeitumia aimeze usiku. Mwenye ugonjwa wa figo au ini, mjamzito na anayenyonyesha waongee na mfamasia au daktari kabla ya kuchagua.

Dawa yoyote mpya isijaribiwe barabarani. Imeze jioni ya kuamkia siku usiyoendesha. Siku ya pili jiangalie, na uwaulize wa nyumbani, kwa sababu mke au mume ataona umepooza kabla hujajiona. Ukiona uzito wa kichwa, macho kushuka, kusahau ulichokuwa unataka kusema, hiyo siyo dawa yako, hata kama jirani yako anaitumia bila shida. Usichanganye na pombe hata chupa moja. Na kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu au mirungi haviitoi dawa kwenye ubongo. Vinakufanya ujisikie macho, ambalo ndilo jambo lile lile la hatari tulilolisema mwanzo.

Klorofeniramini hujificha. Vidonge vingi vya mafua vya mseto vina parasetamoli, kafeini, fenilefrini na yenyewe ndani ya kidonge kimoja. Dawa nyingi za kikohozi za maji zina difenihidramini au promethazini. Siproheptadini huuzwa kwa watu wanaotaka hamu ya kula au kunenepa, na dada zetu wanaoiendea kwa ajili hiyo nao wanaendesha. Kwa hiyo usitegemee jina kubwa la mbele. Geuza boksi, soma maandishi madogo, na ukiona Chlorpheniramine, Promethazine, Diphenhydramine au Cyproheptadine, hiyo si ya siku ya kazi.

Na ile "sindano ya aleji" inayochomwa kila masika, tunaomba muiache. Nyingine ni promethazini ile ile, kwa njia ya msuli. Nyingine ni steroidi ya mwili mzima, ambayo ikirudiwa hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kushusha kinga, hata kuamsha kifua kikuu kilicholala. Unafuu wake ni wa kweli, na hiyo ndiyo sababu watu huirudia. Lakini kazi hiyo hiyo ingefanywa na mpulizo wa maikrogramu chache puani.

Macho yana dawa zake. Matone ya sodiamu kromoglikati ya asilimia 2, mara nne kwa siku, au olopatadini ya asilimia 0.1, tone moja kila jicho mara mbili kwa siku, hupunguza muwasho bila usingizi. Ukishadondosha, subiri uone wazi ndipo uwashe pikipiki. Dakika 15 zinatosha kwa wengi. Hatari iko kwenye matone yenye deksametasoni au betametasoni, ambayo huuzwa bila cheti kana kwamba ni maji ya kuoshea macho. Wekundu wa jicho huondoka siku hiyo hiyo. Lakini yakitumika kwa wiki na miezi bila daktari wa macho kupima, huleta presha ya macho na mtoto wa jicho, na presha ya macho hula uono wa pembeni kwanza, ule unaokuambia kuna daladala inakuja ubavuni. Jicho likiwasha, weka kitambaa cha maji baridi. Kusugua kunamwaga histamini zaidi.

Kuna kitu cha bei ndogo kinachosaidia karibu kila mtu: kuosha pua kwa maji ya chumvi ukirudi jioni. Chemsha nusu lita ya maji, yaache yapoe, changanya kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, na kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda. Si bekingi pauda, na si magadi. Inama juu ya beseni, pitisha maji taratibu tundu moja kwa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, huku ukihema kwa mdomo. Yatoke tundu la pili. Rudia upande mwingine. Maji yachemshwe kweli, kwa sababu maji mabichi yanaweza kuwa na amiba ambaye, kwa nadra lakini kwa kuua, hupanda kutoka puani hadi kwenye ubongo. Yanayobaki mwaga. Osha kwanza, dawa ya kupuliza ifuate.

Helmeti ni sehemu ya tiba. Inayofunika uso mzima, kioo kikiwa chini, huzuia chavua na vumbi kwa kiasi ambacho ile ya wazi haiwezi hata ukivaa miwani. Paka mafuta ya mgando kidogo kuzunguka matundu ya pua kabla ya kutoka. Chavua hunata hapo badala ya kuingia. Barakoa ya KN95 ndani ya helmeti inafaa kwa barabara za vumbi, mradi ubane waya wa pua vizuri, la sivyo pumzi itapanda na kuziba kioo kwa ukungu. Kioo kiwe angavu. Cheusi huleta nafuu kwa macho yanayowasha mchana, lakini jioni kitakuzika. Sifongo ya ndani kama inatoka, ifue kila wiki kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, suuza mpaka povu liishe kabisa, kausha kivulini penye upepo, usiianike juu ya nyasi. Usioshe helmeti kwa petroli: inayeyusha povu gumu la ndani linalokulinda ukianguka, na kwa nje hutaona kitu. Helmeti ya abiria nayo ifuliwe. Koti na reflekta visilale chumbani unapolala, na kichwa kioshwe kabla ya kukiweka kwenye mto.

Sasa chafya ikija ukiwa kwenye mwendo. Kwa kilomita 50 kwa saa unapita karibu mita 14 kila sekunde; kwa 80, mita 22. Tuseme chafya tatu zimekuchukua sekunde tatu: umekwenda mita 42, au 66, huku macho yakijifunga yenyewe kila chafya na kifua kikikusukuma mbele. Kosa la kawaida ni kuinua mkono mmoja kuziba mdomo. Heshima hiyo ni ya mezani. Kwenye pikipiki mikono yote miwili ibaki kwenye usukani. Mara uisikiapo pua inaanza kutekenya, usingoje: punguza mafuta, ongeza nafasi na gari la mbele, tazama vioo, washa indiketa ya kushoto, toka barabarani usimame, chafya ziishe. Kusukuma ulimi kwa nguvu kwenye kaakaa huweza kukupa sekunde chache za kufika pembeni. Ikikukamata kabla ya kusimama, legeza viwiko, tazama mbali mbele, usishike breki ya mbele kwa ghafla, acha mafuta yarudi yenyewe, chafya itoke. Usiibane kwa kufunga mdomo na pua. Presha inayorudi ndani imewahi kupasua koo za watu. Ikiwa ni kwenye kona, daraja au unapolipita lori, ndiyo maana tunasema anza kupunguza mapema: mwenye pua inayotekenya halipiti lori.

Mwambie abiria. "Samahani dada, nasimama kidogo, chafya zinanishika." Hakuna abiria atakayekukasirikia kwa hilo.

Yapo ambayo hayafai kutibiwa dukani. Kifua kinachobana, kupumua kwa mluzi, kikohozi cha usiku: wengi wenye pumu wana aleji ya pua pia, na pumu hutaka dawa zake za kuvuta. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu, hata kama una uhakika ni aleji. Pua inayoziba au kutoa damu upande mmoja tu, jicho linalouma au kuogopa mwanga, uso kuuma pamoja na homa: nenda hospitali.

Tukimaliza hapa, mezani kuna chupa za mazoezi zenye maji ya chumvi tu. Mtajifunza kulenga na kubonyeza hewani, hakuna atakayeingiza puani chupa iliyoshikwa na mwenzake. Na kila mmoja aliye na dawa ya mafua, ya kikohozi au ya aleji mfukoni, kwenye begi au chini ya siti ya pikipiki, aje nayo na boksi lake. Tutazisoma pamoja, moja baada ya nyingine. Tuanze na vijiwe vya Ngaramtoni.